Sauti ya marehemu Mbaraka yazua mabishano Kabezi

Na Mwandishi Wetu, Kabezi

NI saa kumi jioni, siku ya Jumapili. Kando ya barabara itokayo Bujumbura kwenda Rumonge, mbele ya kibanda cha kuchaji simu, watu wapatao ishirini wamezunguka spika ndogo iliyowekwa juu ya kreti ya bia. Wamo wauza mikeke waliokwisha maliza biashara, wazee waliorudi kutoka Tanzania, vijana wa bodaboda na akina mama wanaosubiri gari la kuwapeleka Rumonge kuchukua mawese.

Hakuna anayecheza. Wote wameinamisha vichwa kama watu wanaosikiliza taarifa ya msiba.

Kinachosikilizwa ni nyimbo kumi na nne zilizomo ndani ya memori kadi moja, iliyoletwa na mfanyabiashara kutoka Kigoma kwa njia ya Manyovu. Kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya pakiti yake kumeandikwa kwa kalamu nyekundu: "Mbaraka Mwinshehe, nyimbo ambazo hazijawahi kutoka."

Wimbo wa tatu ulipokwisha, mabishano yakaanza. "Huyo si Mbaraka," alisema kijana mmoja wa bodaboda. "Sauti nyembamba namna hiyo! Na gitaa linasikika kama limefunikwa na blanketi."

Mzee mmoja, ambaye ujana wake wote aliumalizia kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba, Mpanda, alimjibu bila kuinua kichwa. "Kijana wangu, wakati mimi nasikia wimbo huu, baba yako alikuwa bado hajaoa."

Yakawa hayo hadi magharibi. Kadi ikazimwa, kila mtu akaenda kwake na imani yake. Lakini kwa mama aliyekuwa ameziuza kadi hizo jambo halikuishia pale. Siku iliyofuata wateja wanne walizirudisha, wakidai fedha zao. Walisema wameuziwa marehemu wa bandia.

Mimi ni mwalimu, na mama huyo ni mzazi wa mwanafunzi wangu. Aliponijia alikuwa na swali moja tu: "Mwalimu, wewe umesoma Tanzania. Niambie, ni yeye au si yeye?"

Makala haya ni jibu langu kwake, na kwa wengine wanaonunua na kuuza sauti za watu waliokwisha kufa.

Mbaraka alikuwa nani?

Kwa vijana wasiomjua, Mbaraka Mwinshehe alizaliwa mwaka 1944 nchini Tanzania. Alipata jina akiwa mpiga solo na mwimbaji wa Morogoro Jazz, na mwaka 1970 alikuwa miongoni mwa wanamuziki wa Tanzania waliokwenda Japani kwenye maonyesho ya Osaka. Mwaka 1973 alijitoa na kuunda bendi yake, Super Volcano. Wimbo wake "Shida", uliorekodiwa Nairobi, ulivuka mipaka yote ya eneo hili.

Januari 1979 alifariki mjini Mombasa kwa ajali ya gari. Alikuwa na umri wa miaka 34.

Mtu akifa katika umri huo, akiwa bado yuko juu, watu hawakubali kuwa amemaliza. Kila mmoja huamini kuwa kuna wimbo uliobaki mahali, ndani ya kabati au chini ya kitanda cha rafiki. Imani hiyo ndiyo inayouza kadi.

Katika miaka ya 1980, kampuni ya Polygram ya Nairobi ilitoa mfululizo wa santuri zake kwa jina la "Ukumbusho". Jina hilo lilitosha kuwafanya wengi wadhani kuwa ni nyimbo mpya zilizofichuliwa baada ya kifo. Kumbe nyingi zilikuwa zimekwisha toka zamani kwenye santuri ndogo, na sasa zilikuwa zimekusanywa pamoja. Hapakuwa na uongo wowote. Lakini tangu hapo msikilizaji akazoea kuwa marehemu anaweza kuendelea "kutoa" nyimbo.

Maana mbili za neno "kutoka"

Kabla ya kumhukumu mfanyabiashara wa Kigoma, inafaa tuelewe maana ya kusema wimbo "haujatoka".

Wakati wa Mbaraka, Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Bendi iliyotaka santuri ilikwenda Nairobi. Lakini bendi zote kubwa ziliingia pia studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, yaani RTD, zikarekodi kwa ajili ya kupigwa hewani. Utepe ule ulibaki maktaba ya redio. Haukuuzwa dukani.

Kwa hiyo upo wimbo ambao nchi nzima iliuimba, wakimbizi wa Katumba, Ulyankulu na Mishamo wakaucheza, na hata huku kwetu ufukweni ukasikika jioni upepo ulipokuwa mzuri, na bado wimbo huo haukuwahi kuwa santuri. Je, ulitoka au haukutoka? Kwa mwenye duka la Nairobi, haukutoka. Kwa mzee wa Katumba, ulitoka kila wiki.

Isitoshe, bendi nyingi zilirekodi wimbo uleule mara mbili, RTD na Nairobi. Maneno ni yale yale, lakini solo ni tofauti, urefu ni tofauti, na pengine hata waitikiaji si wale wale. Anayejua santuri tu, akisikia ule wa redio, ataapa kuwa ni mwigaji. Anayejua ule wa redio tu, akisikia santuri, naye ataapa hivyo hivyo. Wote wawili watakuwa wakweli, na wote wawili watakuwa wamekosea.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Wafanyabiashara wa mpakani wanajua mpaka ukifungwa hutokea nini: bidhaa haiachi kwenda, inakwenda bila karatasi. Bila shaka hata nyimbo zilisafiri hivyo, kutoka kaseti hadi kaseti, na kila mkono ulioipokea kanda uliinakili na kusahau kuandika ilikotoka.

Sikio linavyodanganya

Tuje sasa kwenye sauti nyembamba iliyomkera kijana wa bodaboda.

Wengi wetu tuliokulia makambini tunaikumbuka redio kaseti ya jirani. Ilinunuliwa baada ya mauzo ya tumbaku, na betri zake zilikuwa ghali. Zikichoka zilianikwa juani au kutafunwa kidogo kwa meno ili zipate nguvu ya mwisho.

Redio yenye betri hafifu huvuta utepe polepole. Ukirekodi kwa mwendo huo, kisha ukaja kupiga kanda kwenye redio yenye betri mpya, utepe utakwenda kasi kuliko ulivyorekodiwa. Wimbo utaharakisha, na sauti ya mwanamume mzima itakuwa kama ya kijana wa sekondari. Kinyume chake ni kanda iliyorekodiwa vizuri lakini ikapigwa kwa betri zilizochoka. Hapo hata mwimbaji wa kike huunguruma kama mzee.

Kisha kuna kunakili. Kila kanda inaponakiliwa kwenye kanda nyingine, mvumo huongezeka na zile sauti za juu, kama mlio wa matoazi na herufi "s" mdomoni mwa mwimbaji, hupungua. Nakala ya nne au ya tano inafanana na mtu anayeimba nyuma ya ukuta. Ikiingizwa kwenye kompyuta na kubanwa ili nyimbo mia tano zienee kwenye kadi moja, hupungua tena.

Kwa hiyo sauti mbovu si ushahidi wa uongo. Na jambo ambalo watu wengi hawalifikirii ni hili: sauti safi nayo si ushahidi wa ukweli.

Katika kadi ile, wimbo uliosifiwa na wote ulikuwa wa tisa. Gitaa lilikuwa wazi, besi ilitetemesha kreti ya bia, hata kijana wa bodaboda akatikisa kichwa akasema, "Huyu sasa ndiye Mbaraka." Nikauomba tena, nikausikiliza maneno. Katika ubeti wa mwisho mwimbaji anamsifu Rais Mwinyi.

Ndugu msomaji, hebu piga hesabu. Ali Hassan Mwinyi alishika urais wa Tanzania Novemba 1985. Mbaraka alikwisha kufa karibu miaka saba kabla. Wimbo wa tisa ni mzuri, ila si wake. Kuna mwanamuziki mwingine, pengine yuko hai hadi leo, ambaye jasho lake limeandikwa jina la mtu mwingine.

Kanda ya Katumba

Jumapili iliyofuata mzee wa Katumba alikuja na mfuko wa plastiki. Ndani yake kulikuwa na kanda moja ya kaseti, imefungwa kwa kitambaa. Alisema ilirudi naye nyumbani ndani ya sanduku la nguo, pamoja na vyeti vya ubatizo vya watoto.

Juu ya karatasi ya kanda kulikuwa na mwandiko wa marehemu kaka yake, kwa wino wa bluu uliofifia: jina la wimbo, neno "Redio", na mwezi na mwaka, Mei 1978.

Kupata redio yenye sehemu ya kaseti siku hizi si kazi ndogo. Ilipatikana kwa fundi mmoja barabarani, akaisafisha kwa spiriti, akaifunga betri mpya. Kanda ikaanza kuvuma. Kisha, kabla ya gitaa, ikasikika sauti ya mtangazaji, imekatwa katikati, ikimtaja Mbaraka Mwinshehe na Super Volcano. Halafu wimbo ukaingia.

Ulikuwa ni ule wa tatu, ule uliokataliwa. Na sauti ilikuwa nyembamba vile vile.

Mzee hakusema "nilikwambia". Alifuta macho tu. Baadaye aliniambia kuwa kilichomliza si Mbaraka. Mwisho wa wimbo kaka yake anasikika akikohoa karibu na redio, kabla ya kubonyeza kitufe cha kuzima.

Tuliulinganisha na wimbo wa kwenye kadi. Ulikuwa ndio uleule, ila aliyeuingiza kwenye kompyuta alikuwa ameukata mwanzo, akamtoa mtangazaji, ili ufanane na santuri. Yaani alikata cheti cha kuzaliwa cha wimbo ili upendeze.

Hilo ndilo somo la kadi ile. Wimbo wa kweli uliitwa bandia kwa sababu ulikuwa mchafu na hauna historia. Wimbo wa mtu mwingine uliitwa wa kweli kwa sababu ulikuwa safi. Na sikio ndilo lililotoa hukumu zote mbili.

Hata huko kwa wakubwa

Kuna msomaji atakayesema kuwa haya ni matatizo ya watu maskini wa kadi na kaseti, na kwamba penye mitambo mikubwa na wataalamu jambo hili haliwezi kutokea. Kijana mmoja aliyerudi kutoka Nyarugusu alilitaja pale pale kibandani jina linalotosha kumjibu: Michael Jackson.

Jackson, ambaye mwaka 1992 alifika hadi Dar es Salaam, alifariki Juni 25, 2009 mjini Los Angeles. Desemba 2010 kampuni ya Sony ilitoa albamu iliyoitwa "Michael", yenye nyimbo ambazo hazikuwa zimetoka alipokuwa hai. Tatu kati yake, "Breaking News", "Keep Your Head Up" na "Monster", zilizua ugomvi kabla hata albamu haijafika dukani.

Nyimbo hizo zilitoka kwa Eddie Cascio na James Porte. Ilielezwa kuwa zilirekodiwa mwaka 2007, Jackson alipokuwa akikaa nyumbani kwa familia ya Cascio huko New Jersey. Mashabiki walisema mtetemo wa sauti si wake. Mama yake mzazi na baadhi ya ndugu zake walisema hivyo hivyo.

Upande wa pili, wasimamizi wa mirathi na Sony walieleza kuwa waliwaita watu waliofanya kazi naye studio kwa miaka mingi, na pia wataalamu wa kuchunguza sauti, nao wakasema ni yeye. Cascio na Porte wenyewe walishikilia hivyo hivyo. Mtayarishaji Teddy Riley alisema sauti inasikika tofauti kwa sababu ilirekebishwa kwa programu ya kompyuta.

Hebu tazama. Mama aliyemzaa anasema si yeye. Wataalamu waliolipwa wanasema ni yeye. Hapo msikilizaji wa kawaida aelekee wapi?

Mwaka 2014 shabiki mmoja, Vera Serova, alifungua kesi huko California akidai kuwa wanunuzi walidanganywa. Kesi ilikwenda miaka minane. Julai 2022 nyimbo tatu zile ziliondolewa kwenye huduma za kusikiliza muziki kwa intaneti. Sony na wasimamizi wa mirathi walisema kuondolewa kwake hakuhusiani na swali la nani ameimba. Agosti 2022 kesi ikaisha kwa mapatano.

Miaka minane, mawakili wa bei kubwa, na mahakama haikutoa hukumu ya nani aliimba. Kanda ya Katumba ilijibu swali letu kwa dakika moja, kwa sababu ilikuwa na mwandiko, mwaka na mtangazaji.

Linganisha na kisa kingine. John Lennon wa Beatles aliuawa Desemba 8, 1980. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alikuwa amejirekodi nyumbani kwake New York, yeye na piano, kwenye kaseti ya kawaida. Mwaka 1994 mjane wake, Yoko Ono, alimkabidhi Paul McCartney nyimbo hizo. Wenzake walijaribu kuumalizia mmoja, "Now and Then", wakashindwa kwa kuwa piano ilimfunika mwimbaji. Miaka mingi baadaye ikapatikana programu ya kompyuta iliyoweza kuitenga sauti na piano, na Novemba 2, 2023 wimbo ukatoka.

Kaseti ile ilikuwa na mvumo, na wimbo ulipitia kompyuta kuliko wimbo wowote wa kadi yetu. Wapo walioupenda na wapo waliouona wa kawaida. Lakini ubishi wa nani ameimba haukushika, kwa sababu njia ya kaseti inajulikana: nani alirekodi, wapi, nani aliitunza, nani alimpa nani, mwaka gani.

Ni kama itongo

Sisi tuliorudi hatuhitaji kufundishwa jambo hili na Marekani wala Uingereza. Tumelipitia kwa miguu yetu.

Ulipofika hapa ukasema, "Lile lilikuwa itongo la baba yangu," hakuna aliyekuuliza kama moyo wako unaamini hivyo. Tume ya ardhi, CNTB, iliyoundwa mwaka 2006, ilitaka kujua mpaka ulipita wapi, jirani wa upande wa mlima alikuwa nani, ni mzee gani aliye hai anayekumbuka, na karatasi iko wapi. Mwenye kulia sana hakushinda kwa sababu ya machozi, na mwenye kuongea vizuri hakutakiwa kushinda kwa sababu ya ulimi.

Wengi wetu tuliumia kwa sababu mashahidi wetu walikuwa wamekwisha kufa uhamishoni. Ukweli ulikuwepo, ila hapakuwa na wa kuusimamia.

Sauti ya marehemu ni itongo pia. Ina mwenyewe na ina warithi. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa aliyefariki 1979, hiyo ni hadi mwaka 2029. Kila kadi inayouzwa bila wao kujua inapita juu ya shamba la mtu.

Na ikiwa wimbo wa tisa ni wa mwanamuziki mwingine, basi tumemnyang'anya mara mbili, fedha na jina.

Hatari iliyopo sasa

Leo zipo programu za kompyuta zinazoweza kuiga sauti ya mtu baada ya kulishwa nyimbo zake. Kijana mwenye simu nzuri anaweza kumfanya marehemu aimbe harusi ya shangazi yake. Mtu akimuuliza, atacheka na kusema ni mchezo.

Wengi wanaogopa kuwa tutaamini uongo. Mimi naogopa zaidi kinyume chake, kwamba tutakataa kweli. Bandia zikijaa sokoni, mzee wa Katumba atakuja na kanda yake ya Mei 1978, na vijana watamwambia, "Ah mzee, hiyo ni kompyuta." Na hatakuwa na la kusema.

Siku hiyo tutakuwa tumempoteza Mbaraka mara ya pili. Na si Mbaraka peke yake. Wapo waimbaji wetu wenyewe wa Burundi, kama Christophe Matata aliyefariki Januari 2011 huko Afrika Kusini, ambao sauti zao zimetawanyika katika nchi walizopita. Wapo waimbaji wa kwaya za makambini na wapiga inanga waliorekodiwa harusini, ambao hata redio haikuwajua. Hao hawana Sony wala wakili. Wana sanduku la nguo la mtu mmoja aliyerudi.

Tufanye nini?

Kwa mwenye kanda: iandike leo. Chukua daftari la shule, andika nani alirekodi, wapi, mwaka gani kwa kadiri unavyokumbuka, kanda ilipita kwa nani mpaka ikafika kwako. Kama hujui mwaka, andika ulikuwa unaishi wapi wakati huo. Muulize mzee akiwa hai, kwani kaburi halitoi ushahidi.

Kwa kijana anayeingiza nyimbo kwenye simu: usimkate mtangazaji. Usimtoe jogoo anayewika wala mtoto anayelia. Ukitaka nakala safi ya kuchezea, tengeneza, lakini ile ya mwanzo iache kama ilivyo, kikohozi na vyote.

Kwa mfanyabiashara wa Manyovu, Kagunga au Uvira: usiandike usilolijua. Ni kweli jina kubwa linauza, lakini mteja akirudisha kadi hasara ni yako, na jina lililoharibika sokoni halisafishwi kwa sabuni. Mahali usipojua mwimbaji, andika tu "wimbo wa zamani, mwimbaji hajulikani". Huenda mnunuzi mmoja akamtambua.

Na kwa sisi mashabiki: tuache kuanza na sikio. Tuanze kwa kuuliza wimbo umetoka wapi na umepita mikono ya nani. Tusikilize maneno, tuone kama yanakubaliana na miaka ya huyo anayetajwa. Tuulize kama yuko hai aliyekuwepo. Sikio lije mwisho, nalo lije kwa unyenyekevu.

Yule mama niliyemtaja mwanzo aliwarudishia wateja wake wanne fedha zao. Kisha alichukua kadi zilizobaki, akanunua karatasi mpya, akaniomba nimwandikie kwa herufi kubwa.

Tuliandika hivi: wimbo wa tatu ni Mbaraka na Super Volcano, kutoka redioni, shahidi yupo Kabezi. Wimbo wa tisa si Mbaraka, ni wa baada ya 1985, mwenye kumjua mwimbaji atuambie. Kumi na mbili zilizobaki, bado tunauliza.

Nilidhani hazitanunuliwa. Wiki mbili baadaye alinipigia simu kuwa zimekwisha zote, na kwamba mteja mmoja kutoka Nyanza-Lac ameacha ujumbe. Anasema wimbo wa tisa anaujua, ni wa bendi ambayo kaka yake aliipigia besi. Na kwamba kaka huyo yuko hai.